Uliza Fundi: X1 ya bei poa

SWALI: Shikamoo fundi. Nafundisha Uyole, nyumbani Tukuyu. Nimeona BMW X1 ya 2012 kutoka Japani, bei inalingana na RAV4. Ninunue?
Mwalimu, Uyole

JIBU: Marahaba, mwanangu. Hiyo bei ya Japani bado si bei ya gari. Kuna ushuru wa forodha asilimia 25, VAT 18, tena gari lililozidi miaka 10 lina ushuru wa uchakavu. Piga hesabu hiyo kwanza, ndipo uote viti vya ngozi.

Halafu tazama maandishi ya mlango wa nyuma. sDrive kwa X1 za miaka hiyo inasukuma kwa magurudumu ya nyuma tu. xDrive inasukuma kwa yote manne. Kwenu Tukuyu mvua haina likizo, na ukiacha lami kuingia migombani, sDrive itakuacha unateleza. Tafuta xDrive.

Kinachoniuma zaidi ni tairi. X1 nyingi zilitoka kiwandani na ranflati, yaani tairi ngumu zinazotembea hata upepo ukiisha, bila spea. Mteja wangu alipata pancha Igawa saa tatu usiku. Ranflati ikiisha upepo hutembea kama kilomita 80, taratibu. Igawa hadi Mbeya zinazidi 100. Alilala garini na mtoto wake mgonjwa, baridi ile! Nilipoinua zulia la buti asubuhi, nilikuta kitrei cha plastiki tu. Nunua spea na jeki kabla hujalipigia gari honi ya kwanza.