Jibu: Volteji inabadilije usumaku wa metali ikiwa uga wa umeme hauingii ndani yake?

Ndugu uliyeuliza, pingamizi lako kwamba uga wa umeme ndani ya kipitishi ni sifuri, na kwa hiyo volteji haiwezi kugusa usumaku wa metali, ndilo ninaloletewa kila mwaka na wanafunzi wangu wa kidato cha sita hapa Dodoma, hasa wale wasomao kwa makini. Kanuni hiyo ni sahihi. Kinachosahaulika ni uso wa metali. Elektroni huuzuia uga huo katika kina cha takriban sehemu moja ya kumi ya nanomita (nanomita ni sehemu ya bilioni moja ya mita), na katika kina hicho idadi yao huongezeka au hupungua, na usumaku wa metali hutokana na elektroni hizohizo. Kwenye msumari wa darasani, badiliko hilo halina uzito wowote. Kwenye utando, yaani tabaka jembamba la metali, wa nanomita moja au mbili, linagusa sehemu kubwa ya atomu zilizopo.

Mwaka 2007 watafiti nchini Ufaransa walizamisha tando za chuma na platinamu, zenye unene wa nanomita 2, katika kimiminika chenye ioni, na badiliko la volti 0.6 tu likapunguza kwa asilimia 4.5 uga sumaku unaohitajika kuugeuza usumaku wake. Mwaka 2009 Wajapani walitumia matabaka machache ya atomu za chuma yaliyopakana na kihami (kitu kisichopitisha umeme) cha oksidi ya magnesi, wakapata badiliko la takriban asilimia 40 katika nishati inayoamua kama usumaku utalala sambamba na utando au utasimama wima.

Hapo wengi hukimbilia kusema kwamba volteji hupindua sumaku. Sivyo: volteji hulegeza tu kizuizi cha nishati kati ya pande mbili ambazo usumaku unaweza kuelekea, na kulegeza mlango wa zizi hakumwambii ng'ombe aelekee wapi. Uelekeo huamuliwa na uga mdogo wa ziada, au na urefu wa mpigo wa volteji, yaani muda mfupi ambao volteji huwashwa, kwa kuwa usumaku uliolegezwa huzunguka mhimili wa uga sumaku uliopo na mpigo sharti ukatwe ukiwa umefika nusu ya mzunguko, jambo linalotokea ndani ya nanosekunde hivi. Huwa nalichora ubaoni. Kwa maneno matupu halieleweki.

Waya wa koili, njia ya kawaida ya kugeuza usumaku, ukifungwa kwenye betri hupata joto kwa sababu ya mkondo, ilhali hapa kihami huacha mkondo kidogo mno upite, na ndiyo maana watengenezaji wa kumbukumbu za kompyuta zisizofutika umeme ukikatika wanaifuatilia njia hii.