Spika 40, masikio mawili: majibu ya maswali yenu

Tangu niandike kuhusu The Forty Part Motet, kazi aliyoitengeneza msanii wa Kanada Janet Cardiff mwaka 2001, maswali yamekuwa yakiingia kila siku. Kwa ambaye hakusoma: ni chumba cha makumbusho kisicho na picha ukutani. Kuna spika 40 juu ya stendi, zimepangwa kuzunguka chumba kwa umbo la yai, na kila spika inatoa sauti moja tu ya kwaya. Unaingia, unatembea katikati yao, unasikiliza, na wengine hulia. Nayajibu maswali niliyoona yanawagusa wengi.

Tumsifu Yesu Kristo. Naimba besi kwenye kwaya ya parokia. Sisi na sauti zetu nne tu, mwalimu anatoka jasho. Sauti 40 zinapangwaje zisiwe kelele? (Mwanakwaya, Bukoba)

Milele na milele, amina. Usizifikirie kama ngazi 40 zilizopandana. Wimbo wenyewe ni Spem in alium, alioutunga Mwingereza Thomas Tallis miaka ya 1570 hivi, na ndani yake mna kwaya ndogo nane. Kila kwaya ina watu watano: soprano, alto, tena, baritoni na besi. Ila wewe besi wa kwaya ya tatu huimbi noti za besi wa kwaya ya nne. Kila mmoja ana njia yake.

Wimbo unaanza na sauti moja. Ya pili inaudaka, ya tatu inafuata, wimbo unahama kwaya hadi kwaya kama habari inayopita nyumba kwa nyumba, mpaka wote 40 wanaimba pamoja. Kisha unageuka na kurudi ulikotoka. Kuna mahali wote wananyamaza ghafla, halafu wanaingia kwa mpigo mmoja. Ukiwa katikati ya spika wakati huo, unausikia kifuani kabla hujajua kilichotokea.

Cardiff alifanya kazi na kwaya ya kanisa kuu la Salisbury, Uingereza, na kila sauti ikarekodiwa kwa maikrofoni yake. Alitaka msikilizaji aisikie kwaya kama anavyoisikia mwimbaji aliye ndani yake. Hapo wewe utamwelewa kuliko mhakiki yeyote. Wanaokaa kwenye mabenchi husikia wimbo mmoja. Wewe unamsikia tena aliye kulia kwako, pumzi ya jirani, na wimbo kwa mbali. Tofauti ni kwamba huku unaweza kuondoka mahali pako, ukaenda kusimama kwa soprano, jambo ambalo mwalimu wako hatakuruhusu Jumapili.

Nimeisikiliza mtandaoni kwa hedifoni. Ni nzuri, lakini machozi mnayoyasema sikuyaona yanatoka wapi. (Msomaji, Morogoro)

Ulichosikiliza ni spika 40 zilizobanwa zikawa mbili. Ukigeuza kichwa ukiwa na hedifoni, kwaya nzima inageuka nawe. Ndani ya chumba kwaya inabaki ilipo, wewe ndiye unayegeuka. Sauti husafiri karibu mita 340 kwa sekunde, kwa hiyo ikitokea kulia hufika sikio la kulia kwanza, na la kushoto baadaye kidogo, chini ya elfu moja ya sekunde. Ubongo unaukamata upenyo huo mdogo na kukuambia: yule pale. Ukisogea hatua mbili, mtu aliyekuwa amemezwa na wenzake anajitokeza peke yake mbele yako. Hicho ndicho kinachowashika watu, na hakuna rekodi ya simu itakayokibeba.

Kuhusu machozi, fikiria wakati pia. Kazi hii ilionyeshwa PS1, jumba la sanaa lililoko mtaa wa Queens, New York, mwezi Oktoba 2001, wiki chache baada ya mashambulizi ya Septemba 11. Watu waliingia wakiwa wamebeba misiba yao. Wengi walilia, na sioni kwamba kuna aliyetia chumvi.

Nina mtoto wa miaka sita. Nimpeleke? (Mama Neema)

Mpeleke. Kazi nzima ni dakika 14 hivi, na katika hizo kama tatu si wimbo kabisa: waimbaji wanakohoa, wanapiga soga, wanapasha sauti. Watoto wanazipenda hizo kuliko zote. Ila spika ziko kwenye usawa wa masikio ya mtu mzima, kwa hiyo mbebe.

Wimbo ni wa Tallis. Sauti ni za Salisbury. Huyu Cardiff kafanya nini hasa? (Mwalimu wa sanaa, Nakuru)

Swali la haki, na mimi nililiuliza kabla sijaisikia kazi yenyewe Ottawa, Kanada. Pale huwekwa kwenye kanisa la Rideau: kikanisa cha watawa ambacho jengo lake lilibomolewa mwaka 1972, dari na nguzo zake zikaokolewa, na sasa kimesimama upya ndani ya makumbusho ya taifa ya sanaa.

Jibu langu ni hili. Kazi ya fundi mitambo ni kuchanganya sauti ziwe kitu kimoja. Cardiff alikataa kuchanganya. Aliziacha sauti 40 zikiwa 40, akakuachia wewe na miguu yako kazi ya kuchanganya. Ukisimama huku ni wimbo mmoja, ukisimama kule ni mwingine, na hakuna mahali pa kuupata wote kwa ukamilifu. Tallis aliandika noti; Cardiff alipanga umbali. Kwangu mimi umbali huo ni usanii kamili, na mwaka 2013 The Cloisters ya New York, makumbusho ya sanaa za zama za kati, iliichagua iwe kazi yake ya kwanza ya sanaa ya kisasa.

Na Waafrika je? (Msomaji, Dar es Salaam)

Wapo, na ningependa tuwajue kama tunavyowajua wachoraji. Mnigeria Emeka Ogboh amerekodi Lagos kwa miaka, hasa makondakta wa daladala zao wakiita vituo. Mwaka 2015, kwenye maonyesho ya sanaa ya Venice, Italia, alileta wimbo wa taifa wa Ujerumani ukiimbwa na Waafrika wanaoishi nchini humo, kwa lugha kumi za Afrika, Kilingala na Kikongo zikiwemo. Spika kumi, kila moja na mtu wake. Ukisimama mbele ya moja unamsikia mgeni anayeimba wimbo wa wenyeji kwa lugha ya mama yake. Ukirudi nyuma unasikia taifa. Njia ni ileile ya Cardiff, lakini swali analouliza Ogboh ni zito zaidi, na mimi kazi yake naiweka juu.

Karibu na nyumbani yupo KMRU wa Nairobi, Joseph Kamaru, mjukuu wa mwanamuziki mkongwe wa Kikuyu mwenye jina hilohilo. Hurekodi sauti za mahali na kuzifuma taratibu. Anza na albamu yake Peel ya 2020, usiku, taa zikiwa zimezimwa.

Dada yangu ni kiziwi. Sanaa hii ina nafasi kwake? (Msomaji, Tanga)

Inayo. Mtafutie kazi za Christine Sun Kim, Mmarekani aliyezaliwa kiziwi, ambaye sauti ndiyo mada yake: huichora, huiandika, huionyesha kwa lugha ya alama. Ila kwa The Forty Part Motet sitakudanganya, sehemu kubwa itampita.

Kwaya yetu ya vijana inataka kujaribu kwa sauti nne. Tufanyeje? (Katibu wa kwaya, Iringa)

Mwalimu arekodi kwanza wimbo wa mwongozo kwa kinanda, aanze kwa kupiga kofi moja. Kila mwimbaji asikilize mwongozo huo kwa hedifoni huku akiimba peke yake mbele ya simu ya pili, chumba kikiwa kimya, na apige kofi palepale linaposikika. Kwenye kompyuta, linganisheni makofi hayo. Msitumie bluetooth, huchelewesha sauti. Tumieni waya, na muwe na kadi ya sauti, kifaa cha kompyuta cha kutolea sauti, yenye njia nne za kutolea, kwani ya kawaida ina mbili. Spika ziwe usawa wa masikio, zitazame ndani, hatua tano kati yake. Vikohozi msivifute.