Mimea ya kuishi nje mwaka mzima huku Uingereza: niliyoiua na iliyobaki

Mkuu, umesema umehamia Birmingham, boganvilia na haibiskasi ulizopanda Juni zilishakuwa nyeusi kufikia Novemba, na sasa unataka mimea ya nje ambayo huhitaji kuinunua upya kila mwaka. Pole. Mimi ni mtu wa Tanga, niko Leicester mwaka wa 14 huu, na hiyo ada nimeilipa sana.

Anza na kibandiko. Vitalu vingi huku huandika daraja la RHS, kile chama kikubwa cha wakulima wa bustani, kuanzia H1 hadi H7. H3 huvumilia mpaka nyuzi 5 chini ya sifuri, H4 mpaka 10, H5 mpaka 15, na H7 hupita hata 20. Mimi ardhini sinunui chini ya H4, ukiacha mgomba nitakaoutaja. Kwenye chungu naanzia H5, kwa sababu mizizi ya chungu hupigwa na baridi pande zote.

Ila namba peke yake isikudanganye. Nilinunua miche miwili ya rozmari siku moja, kitalu kimoja, yote H4. Mmoja niliupanda katikati ya bustani, kwenye udongo wa mfinyanzi unaotuama maji. Wa pili niliusogeza ukutani upande wa jua, nikainua tuta kidogo na kuchanganya kokoto. Ikaja ile baridi ya Desemba 2022. Kipimajoto changu cha uani kilisoma nyuzi 8 chini ya sifuri. Machi niliuvuta ule wa katikati ukatoka kwa vidole viwili tu, mizizi myeusi, inachunika ngozi kama kiazi kilichooza. Wa ukutani mpaka leo nachuma kuweka kwenye mbuzi wa kuchoma. Baridi ilikuwa ileile kwa yote miwili. Kilichoua ni maji.

Kwa hiyo kabla ya kununua chochote, chota udongo wenye unyevu uuviringishe kiganjani. Ukitoa kamba nyembamba isiyokatika, una mfinyanzi. Usihangaike na mfuko mmoja wa mchanga, hautoshi kitu. Weka mboji kwa wingi, inua matuta, au chagua mimea isiyojali. Kichaka cha Cornus alba (H7) kwangu kimesimama penye maji kabisa, na Januari, majani yakiwa yamepukutika, matawi yake ni mekundu kweli. Kwenye kivuli cha ukuta nina Fatsia japonica (H5): majani mapana ya kijani mwaka mzima, unasahau uko ughaibuni. Lavenda chukua Lavandula angustifolia. Ile yenye masikio kama ya sungura ni nzuri dukani, kwangu haikumaliza misimu miwili.

Angalia pia jina "jeraniamu", limewaliza wengi. Yale maua mekundu yanayouzwa Mei kwa trei ni Pelargonium, hayaiwezi jalidi, ule umande unaoganda usiku. Geranium yenyewe, mfano 'Rozanne', ni H7: hupotea ardhini wakati wa baridi halafu hurudi. Nami mwaka wa kwanza nilikesha nikilinda trei la Impatiens, ua la kwetu Afrika Mashariki, nikidhani litanitambua. Asubuhi moja ya jalidi likawa mlenda.

Najua utauliza mgomba, kila mtu wa kwetu huuliza. Upo: Musa basjoo. Daraja lake ni H2 tu, lakini mizizi hupona ukiifunika. Novemba naukata usawa wa kiuno, nauzungushia wavu wa waya na kuujaza majani makavu, juu nafunika mfuko usiopitisha mvua. Jirani alidhani nimezika kitu. Ndizi zake haziliki, ila majani nafunikia sufuria la pilau.

Mimea sugu panda Septemba au Oktoba, udongo ukiwa bado na joto. Iliyo mpakani, H3 na H4, subiri Mei.

Na ile boganvilia kama ilikuwa ardhini, sahau. Lakini vichaka vingine vilivyokauka usiving'oe Machi. Kwarua gome kwa ukucha. Ukiona kijani chini yake, acha. Nina Hebe niliyokuwa nimeshaichimba nusu, simu ikaita nikaingia ndani, nikasahau. Juni ikachipua pembeni ya shimo.