Umri wa ngisi: usiutafute kwenye urefu

Ndugu muuliza swali, umesema unapima urefu wa ngisi dikoni kila mwezi, ukaingiza vipimo kwenye programu, nayo ikakupa umri wa miaka 2 hadi 3. Unauliza kama uipeleke namba hiyo kwenye kamati ya uvuvi. Nakuomba sana usiipeleke. Nimeshughulika na kusoma umri wa ngisi maabara, na ngisi wetu wa maji ya joto huishi miezi, si miaka.

Programu nyingi za aina hiyo hutumia mlinganyo wa von Bertalanffy, uliozoeleka kwa samaki: mnyama hukua haraka utotoni, kisha hupunguza mwendo na kuzeeka akiwa na urefu uleule. Ngisi hana tabia hiyo. Huendelea kukua karibu hadi mwisho, hutaga, hufa. Halafu wanaanguliwa karibu mwaka mzima, na joto la maji huamua kasi yao. John Forsythe, mtafiti wa ngisi na pweza, alilieleza hili mwaka 1993: tofauti ndogo ya joto wiki za mwanzo huzaa tofauti kubwa ya mwili baadaye. Kwa hiyo walioanguliwa kaskazi, maji yakiwa moto, wanaweza kuwapita kwa urefu wakubwa zao walioanguliwa wakati wa kusi. Kile kilele cha urefu, yaani urefu walio nao ngisi wengi zaidi, unachokifuata mwezi hadi mwezi si kundi moja la walioanguliwa pamoja.

Umri umeandikwa kichwani, kwenye vijiwe viwili vya chokaa vinavyomsaidia kujua mizani ya mwili, vidogo kuliko punje ya mtama. Huitwa statoliti. Kila siku huongezeka pete moja. Mtafiti George Jackson, akifanya kazi Townsville, Australia, tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, aliwatia ngisi hai dawa ya tetrasaiklini inayoacha alama kwenye kijiwe, akasubiri, kisha akalinganisha siku na pete. Zikaoana. Mmoja wa wadogo kabisa, Idiosepius pygmaeus, hafikishi hata miezi 3.

Kazi yenyewe inataka mikono mitulivu. Geuza kichwa upande wa mrija wa kutolea maji, kata gegedu taratibu kwa wembe, vitoe vijiwe kwa koleo nyembamba, vioshe na uvihifadhi kwenye ethanoli. Formalini, dawa nyingine ya kuhifadhia, usiiguse, asidi yake hula chokaa. Kisha unakibandika kijiwe kwenye kioo na kukisugua kwa karatasi laini ya msasa hadi pete zionekane kwenye hadubini. Hapo ndipo subira inapohitajika: ukisugua kidogo mno huoni kitu, ukizidisha pete za pembeni zimekwenda. Hesabu kuanzia pete ya kuanguliwa hadi ukingoni, rudia siku nyingine bila kutazama namba ya kwanza, na mwenzako ahesabu peke yake. Hesabu zikipishana zaidi ya asilimia 10, mimi hukiweka kando kijiwe hicho. Dume na jike wasichanganywe, na andika hatua ya ukomavu ya kila mmoja.

Ukitoa siku hizo kwenye tarehe aliyovuliwa, umepata tarehe aliyoanguliwa. Kwa kamati, hii ndiyo namba yenye thamani. Kama ngisi waliohesabiwa mwaka jana hawapo tena leo, kiwango cha uvuvi kilichopangwa kwa hesabu za mwaka jana kinawahusu wanyama waliokwishakufa. Visiwa vya Falkland, kusini mwa Atlantiki, hufuatilia mavuno ya ngisi msimu ukiendelea, na hufunga uvuvi mapema wakiona wazazi waliobaki ni wachache.

Najua wengi watapendekeza kuiga ufungaji wa miamba ya pweza, yaani kuizuia isivuliwe kwa muda, uliovuma tangu Andavadoaka, Madagaska, mwaka 2004. Pweza hukaa pangoni kwake; ngisi huhama. Kumfungia mwamba mmoja hakumlindi. Linda sehemu anazotagia, kwenye nyasi bahari na matumbawe, katika miezi ambayo vijiwe vimekuonyesha.

Anza na sampuli chache kila mwezi, kaskazi na kusi zote mbili, wadogo kwa wakubwa. Itabidi ununue ngisi mzima, maana mchuuzi hakuuzii kichwa peke yake, kwa hiyo weka fedha hiyo kwenye bajeti mapema. Na vipimo vyako vya urefu usivitupe: ukishakuwa na umri wa vijiwe, vitakuonyesha kila msimu umewakuza kwa kasi gani.