Madison na Monroe Walipowania Kiti Kimoja

SWALI: Ndugu Mhariri, nimesikia kwamba James Madison na James Monroe, ambao baadaye walikuwa marais wa Marekani, waliwahi kuwania kiti kimoja cha ubunge. Je, ni kweli, na je, uhasama ulibaki kati yao?

JIBU: Ndugu msomaji, ni kweli. Tarehe 2 Februari 1789, huko Virginia, wawili hao waligombea kiti katika Baraza la Wawakilishi la kwanza chini ya Katiba mpya ya Marekani, ambayo Madison alikuwa mtetezi wake. Madison alipata kura 1,308 na Monroe 972.

Tofauti hiyo ya kura 336 isikufanye udhani kwamba Madison alipita kwa urahisi. Bunge la Virginia, ambalo Patrick Henry, mpinzani mkubwa wa Katiba, alikuwa na ushawishi mkubwa ndani yake, lilikuwa limekwisha kumnyima useneta. Kisha kaunti yake ya Orange ikaunganishwa na nyingine kama Amherst na Spotsylvania, ambazo wajumbe wake walikuwa wameikataa Katiba hiyo. Wapiga kura walikuwa wanaume weupe wenye ardhi tu, na kila mmoja alitaja jina la mgombea wake kwa sauti, majirani wakimsikia.

Kilichomtisha zaidi Madison ni uvumi kwamba hataki Katiba iguswe hata kidogo. Wabaptisti, ambao wahubiri wao waliwahi kufungwa jela Virginia kwa sababu ya kuhubiri, walitaka uhuru wa dhamiri uandikwe waziwazi. Madison, ambaye awali hakuona haja ya orodha ya haki, alimwandikia mchungaji George Eve tarehe 2 Januari 1789 kwamba sasa anaunga mkono marekebisho. Yeye na Monroe walijadiliana hadharani nje ya kanisa la Kilutheri huko Culpeper, kwenye theluji, na Madison alipokuwa akirudi usiku juu ya farasi baridi ikamjeruhi pua, akabaki na kovu.

Tarehe 8 Juni 1789 Madison aliwasilisha mapendekezo yake katika Baraza la Wawakilishi, na marekebisho kumi ya Katiba, yaani orodha ile ya haki, yakaidhinishwa tarehe 15 Desemba 1791. Kwa maoni yangu Monroe anastahili sehemu ya heshima hiyo, maana mpinzani dhaifu asingemlazimisha Madison kutoa ahadi ile kwa maandishi.

Uhasama haukubaki. Waliendelea kuandikiana barua, na mwaka 1811 Rais Madison alimteua Monroe kuwa Waziri wa Mambo ya Nje.