Kwa wanaoanza kuongoza wageni kwenda Ziwa Ngosi

Mwaka wangu wa kwanza katika kazi hii niliwapandisha Ngosi walimu kumi na mmoja. Tangu tulipoiacha lami ya barabara ya Mbeya–Tukuyu pale Isongole nilikuwa nikiwasifia ziwa: ukubwa wake, maji yanavyobadilika rangi, umbo lake ambalo watu husema limefanana na ramani ya Afrika. Tulipofika ukingoni ziwa halikuwepo. Ukungu ulikuwa umejaa ndani ya kasoko, lile shimo la volkano lenye ziwa, kama maziwa kwenye kibuyu, hata mti uliokuwa hatua kumi mbele yetu hatukuuona. Tulisubiri zaidi ya saa nzima, baridi ikatuingia mifupani, tukashuka. Njia nzima hakuna aliyenisemesha, na walikuwa na haki. Nilikuwa nimewaahidi kitu ambacho sikuwa na uwezo wa kuwapa.

Kwa hiyo, mdogo wangu unayeanza, neno langu la kwanza kwako ni hili: usimwahidi mgeni ziwa. Mwambie mnakwenda msituni, na huko juu kuna ziwa ambalo likipenda litaonekana. Nchi hii ya Rungwe ni nchi ya mvua. Huanza Novemba na kuendelea hadi Mei, na Tukuyu ni miongoni mwa sehemu zinazonyeshewa sana Tanzania nzima. Hata wakati wa kipupwe, Juni hadi Agosti, unaweza kuondoka Uyole jua linawaka ukakuta mlima umejifunika gubigubi. Mimi hupenda wageni wawe wamefika ukingoni kabla ya saa tano asubuhi, maana mchana mawingu hupanda. Lakini hiyo ni bahati niliyoizoea tu, usiiuze kama hakika.

Ukishaacha kutegemea ziwa, itakubidi uujue msitu, na hapo ndipo kazi yenyewe ilipo. Njia kutoka chini hadi ukingoni ni mwendo wa saa moja hadi moja na nusu kwa mtu wa kawaida, na saa hiyo yote wengi wetu huitumia kusema “twendeni, tumekaribia”. Ni hasara kubwa. Chukua migomba-pori peke yake. Mgeni akiiona atauliza kwa nini ndizi zake hazivunwi. Mwonyeshe jinsi mgomba huo usivyotoa machipukizi pembeni kama wa shambani: hukua miaka kadhaa, huzaa mkungu mmoja, kisha hufa. Tunda lake limejaa mbegu nyeusi ngumu. Mwambie aukumbatie mgomba aone kama mikono yake itakutana. Umekwisha kumpa kitu cha kusimulia nyumbani.

Halafu kuna kinyonga. Milima hii ya Poroto na majirani zake ina kinyonga wake mwenye pembe tatu usoni, na wako watu wanaovuka dunia ili wamwone yeye tu. Wengi wetu tumelelewa tukimwogopa. Nakuelewa, nami nilikuwa hivyo, hadi nilipotumia asubuhi mbili nzima kumtazama mmoja kwenye kichaka kando ya njia. Zoeza macho yako kumtafuta kwenye matawi ya urefu wa kifua na juu yake kidogo, hasa asubuhi anapojianika. Ukimpata, usimchomoe mtini. Usimruhusu mgeni amweke begani kwa ajili ya picha. Kinyonga anayeshikwashikwa hubadilika rangi kwa hofu, na baada ya wiki mbili za wageni wa namna hiyo hutamwona tena kwenye kichaka kile.

Mbega utawasikia kabla ya kuwaona. Simamisha kundi, nyamazeni, tazameni juu.

Hapa niseme jambo linaloniuma. Wako waongozaji wanaowaambia wageni kwamba kipunji yupo Ngosi. Kipunji ni tumbili wetu, jina lake ni la Kinyakyusa, na wawindaji wa huku walimjua siku zote. Wanasayansi walimkuta mwaka 2003 katika misitu ya Rungwe na ya Livingstone, huko Kitulo, wakamtangaza duniani mwaka 2005, na mwaka uliofuata ikaonekana anastahili jenasi yake mwenyewe, yaani ukoo wake peke yake katika mpangilio wa wanyama, jambo ambalo halikuwa limetokea kwa tumbili wa Afrika kwa zaidi ya miaka themanini. Anapatikana katika misitu ya Rungwe na Kitulo, na pia Ndundulu huko Udzungwa. Ngosi hayupo. Mgeni aliyepanda milima ya nchi tano akigundua umemdanganya hapo, hataamini hata jina lako. Mweleze habari za kipunji mkiwa ukingoni, mwonyeshe Mlima Rungwe ulivyosimama na mita zake zaidi ya 2,900, kisha mwambie huko ndiko anakostahili kutafutwa. Pengine atabaki siku mbili zaidi.

Vivyo hivyo kwa hadithi za ziwa. Wazee husimulia habari za nyoka mkubwa, na maji yanayotumika kwa tiba. Simulia kama unavyosimuliwa na wazee, kwa heshima, na useme wazi kwamba ni masimulizi. Habari za volkano nazo zisimulie kama zilivyo: shimo lile ni mlima uliolipuka na kubomoka kwa ndani, mlipuko wa mwisho unaojulikana unakadiriwa kuwa wa miaka ya 1400, na hakuna mto unaotoka ziwani. Mgeni mmoja mtu mzima alinishukuru kwa sababu nilimtenganishia hayo mawili. Alisema kwingine huchanganyiwa akashindwa kujua ashike lipi.

Sasa mwendo. Ukifika pale kwenye mwanzo wa njia, baada ya kulipia na kuchukua stakabadhi, usianze kupanda. Zungumza na kila mtu pembeni, mmoja mmoja. Ana pumu? Ana presha? Goti lake likoje? Ukiuliza mbele ya kundi, mzee wa miaka sitini atasema yuko salama ili vijana wasimcheke. Muulize peke yake: “Shikamoo mzee, mara ya mwisho kupanda mlima ilikuwa lini?” Hapo atakwambia kweli. Wageni wa Dar es Salaam wametoka usawa wa bahari jana, na ukingo wa Ngosi upo juu ya mita elfu mbili. Pumzi itawaishia wala si uvivu. Mwenye pumu dawa yake ya kuvuta iwe mfukoni mwake, isiwe kwenye begi lililobaki garini.

Angalia miguu. Wapo wanaokuja kutoka kwenye sherehe Mbeya mjini wakiwa na ndala. Mimi hubeba jozi tatu za gambuti za saizi tofauti, na zimenisaidia kuliko kifaa kingine chochote nilichonunua. Fimbo nazo zikate nje ya hifadhi, zitunze, uzitumie tena na tena. Tukikata mti mbichi kwa kila mgeni, kando ya njia patabaki vishina vitupu.

Anayetembea taratibu kuliko wote mweke mbele, nyuma yako. Wageni wenye nguvu watanung'unika kidogo, kisha wataanza kutazama miti. Ukimweka wa polepole nyuma, kila mkisimama kumsubiri ninyi mnapumzika, na akifika tu mnaondoka. Yeye hapumziki hata mara moja. Mtu wa namna hiyo ndiye anayeanguka.

Na huanguka wakati wa kushuka. Kupanda kunachosha tu, ila kuteremka udongo ule ukiwa umelowa ndiko kunakovunja watu. Mwaka wangu wa tatu msichana mmoja wa sekondari aliteguka kifundo cha mguu dakika ishirini tu kutoka ukingoni, kwa sababu niliwaacha wenzake waanze kukimbizana. Tulimbeba kwa zamu. Tulitoka msituni giza limeshaingia, na tochi ilikuwa moja, ya simu yangu, yenye chaji kidogo. Mama yake alikuwa amesimama chini anasubiri. Sikuwa na neno la kumwambia.

Tangu siku hiyo nina mambo nisiyoyavunja. Tochi mbili, hata tukipanda saa mbili asubuhi. Bendeji pana na kanga moja ya kufungia mguu au mkono. Mtu kijijini anayejua idadi yetu na saa tunayotarajia kurudi, kwa kawaida ni yule wa bodaboda anayetusubiri. Na saa ya kugeuka: saa tisa alasiri, popote tulipo, tunageuka. Chini ya miti ile giza huingia mapema kuliko barabarani. Nimegeuza watu dakika kumi kabla ya ukingo, wakanichukia, na ningewageuza tena.

Kushuka wafundishe kabla hamjaanza, mkiwa bado mmekaa. Hatua fupi, magoti yalegee, mwili uinamie mbele kidogo badala ya kurudi nyuma. Mzizi uliolowa usiukanyage, uruke au pita kando yake. Mkono usishike tawi lolote bila kulitazama, kwa sababu kuna majani yanayowasha ambayo mtu hatayasahau kwa siku mbili. Na pasiwe na mazungumzo ya simu njiani, maana anayezungumza haangalii mguu wake unakwenda wapi.

Mgeni atakuomba umteremshe hadi majini. Kuta za kasoko ni mwinuko mkali wa mamia ya mita, na mahali pengine mtu hujishikilia kwa mizizi tu. Wapo wenzetu wanaokubali, hasa wakiongezewa fedha. Mimi nakataa, na nakuomba nawe ukatae hadi pale utakapokuwa na kamba, mwenzako wa pili mwenye uzoefu, na siku tatu za ukame nyuma yako. Kijana wa miaka ishirini akitazama noti mbele yake huona ni rahisi. Kupandisha mtu aliyevunjika mguu kutoka kule chini hakuna aliyewahi kunieleza namna ya kukufanya kwa usalama.

Bei ya kazi yako itaje Isongole, kabla ya kupanda, mbele ya kila mtu. Usiipandishe ukingoni.

Mkirudi, wakalishe kibandani wanywe chai na viazi vya kuchemsha, maana hii ndiyo nchi ya viazi. Waulize walichokiona. Usiwaulize kama wamefurahi, watakujibu ndiyo kwa adabu. Nilianza kuandika majibu yao kwenye daftari baada ya wale walimu kumi na mmoja. Mwezi wa nne uliofuata nilipandisha familia moja kutoka Iringa, mvua ikatunyea tangu mwanzo, ziwa hatukuliona hata kidogo. Mtoto wao mdogo alijibu wa kwanza, akihesabu kwa vidole: mgomba wenye mbegu, kinyonga wawili, mbega, na utelezi. Bibi yake akasema watarudi Julai kuangalia kama ziwa lipo kweli. Walirudi.