Bunduki Ikigoma Mlangoni

Ilikuwa mazoezini, si vitani, na namshukuru Mungu kwa hilo. Tulikuwa tunaingia kwenye banda, mimi wa pili mlangoni. Nikavuta kifyatulio cha bunduki, nikasikia "tik" tu. Aliyeigiza adui alikuwa hatua tatu mbele yangu. Nikapeleka mkono kwenye bastola. Mfuko wake ulikuwa wa ngozi, wenye kifuniko na kifungo. Umelowa mvua, kifungo hakifunguki, na fulana ya kuzuia risasi imeukalia kwa juu. Nilipofanikiwa kuichomoa, mwenzangu alishanipita na kumaliza kazi. Mkufunzi hakunigombeza. Aliniamuru niichomoe mara mia kabla ya chakula.

Tangu siku ile, vijana wakiniuliza bastola ipi ni nzuri, nawauliza kwanza wanaibeba wapi. Jeshini hatuchagui kama dukani, unapewa kilichomo ghalani. Lakini ukipata nafasi ya kuchagua, au ya kumshauri mkubwa wako, angalia mkono utakavyofanya kazi ukiwa na jasho na matope.

Chukua Makarov. Ni ndogo, imara, inakaa vizuri mwilini. Ila inabeba risasi 8 tu kwenye magazini, na kitasa cha kuachia magazini kiko chini ya mpini, kwa hiyo kubadilisha kunataka mikono yote miwili. Browning Hi-Power inabeba 13, lakini ukiibeba nyundo yake (kile kipande cha nyuma kinachopiga ili risasi itoke) ikiwa chini, lazima uivute kwanza kwa kidole gumba. Glock 17 inabeba 17 na haina kitasa cha usalama cha kusukuma kwa kidole: ukichomoa, unafyatua. Kwa kazi ya vyumbani mimi ningeichukua hiyo, mradi mfuko wake uwe mgumu na ufunike kifyatulio chote. Bila mfuko wa namna hiyo, usiiguse.

Na tafadhali, kagua risasi zako mwenyewe. Makarov na Glock zote huitwa "tisa", lakini moja inatumia risasi za 9×18 na nyingine 9×19, yaani urefu wa ganda kwa milimita si sawa. Haziingiliani.

Kisu au singe? Beba, kitakusaidia kukata kamba na mikanda. Usikifanye mbadala wa bastola.

Bunduki ikigoma na adui yuko mita chache, usihangaike nayo. Iachie ining'inie kwenye mkanda, chomoa. Akiwa mbali, jifiche nyuma ya kitu kigumu uirekebishe, maana kwa umbali huo bastola haikufikishi popote.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Mwaka 2013 nilikuwa Kivu Kaskazini na brigedi ya Umoja wa Mataifa, sisi Watanzania pamoja na Waafrika Kusini na Wamalawi. Nyumba nyingi za Goma ni za mbao, zimesimama juu ya mawe meusi ya volkano. Mbao hizo hazizuii hata risasi ya bastola, na upande wa pili kuna mama na watoto. Silaha ndogo isikudanganye kwamba madhara yake ni madogo.

Kabla hujaridhika na mahali ulipoifunga, lalia ubavu ule ule wenye bastola, uzito wako wote juu yake, kisha jaribu kuichomoa. Mimi nilipojaribu, nilihamishia mfuko wangu kifuani jioni ile ile.